Nusu Mbio, Nusu Pasi

Jumatatu, 7 Oktoba

Sisi Harvell tumefungwa Jumamosi na Chuo cha Cadmus. Cadmus! Watu ambao hata basi lao lilipotea njia kuja kwetu. Kosa si langu. Mimi ndiye huita mipango ya mashambulizi, na niliita mbio mwanzo hadi mwisho, jinsi futiboli ya Marekani inavyotakiwa kuchezwa. Tate, mrushaji wetu, anampa Doty, mkimbiaji wetu, mpira mkononi. Doty anainamisha kichwa, anawapitia watu katikati. Mara nyingine hapiti. Basi unamwita tena.

Leo Kocha Kucera, mkuu wetu, kaniita ofisini. Alikuwa anatafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe, kama kawaida yake. Akaniambia wafadhili wamechoka. Mchana huu kwenye chakula chao, mzee Vern Tietz, mfuga nguruwe, alisimama na andazi lake la mdalasini mkononi akauliza eti kuna mtu yeyote chuoni anayejua kwamba mpira huu unaweza pia kurushwa? Ukumbi mzima ukacheka. Mtu hajawahi kufundisha hata nguruwe zake kusimama mstari, leo ananifundisha mimi kazi.

Uamuzi ni huu. Kuanzia Jumamosi, nusu mbio, nusu pasi. Msimu ukiisha, kati yangu na Brayden Pell atabaki mkuu mmoja wa mashambulizi. Atakayeshindwa atapelekwa kufundisha wapiga mateke.

Wapiga mateke. Wale wako uwanja wa nyuma na bata bukini. Wanapiga mpira, wanaufuata, wanapiga tena. Hakuna anayejua majina yao. Kocha wao wa mwisho aliacha kazi akaenda kuuza bima, na hakuna aliyegundua mpaka Krismasi.

Pell ndiye msimamizi wa pasi. Kaletwa kutoka California. Anavaa viatu vyeupe kwenye tope la Nebraska, na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Ananiita "mzee". Kila sentensi yake ina neno "nafasi", utadhani nafasi kaivumbua yeye na sisi wote tulikuwa tunaishi tumebanana. Mpaka leo nilikuwa simpi kuita hata pasi mbili kwa mechi, na hizo ni kwa huruma.

Jolene, mke wangu, kasema labda safari hii nisikilize ninachoambiwa. Nimemwambia nimesikiliza vizuri sana. Wanataka nusu. Nusu watapata.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango uko tayari. Mbio moja, pasi moja. Mbio moja, pasi moja. Hivyo hivyo mpaka kipenga cha mwisho. Nusu kamili, haina ubishi, hata Vern Tietz anaweza kuihesabu kwa vidole vyake vya nguruwe.

Nimeiandika kwenye karatasi ya mipango kwa wino mweusi na mwekundu. Inapendeza. Pell aliitazama, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kwa sauti ya upole kama nina uhakika. Nikamwambia kijana, mimi huwa nina uhakika.

Jumapili, 13 Oktoba

Aibu tupu.

Huwa nafunika mdomo kwa karatasi ninapoita mpango, wapinzani wasinisome midomo. Kila kocha hufanya hivyo. Robo ya kwanza mambo yalikwenda. Robo ya pili, kuna bibi mmoja kwenye jukwaa lao, kajifunika blanketi, akaanza kupiga kelele. "Pasi hiyo!" Ikawa pasi. "Sasa mbio!" Ikawa mbio. Mimi bado nimefunika mdomo. Bibi hakuhitaji mdomo wangu.

Robo ya tatu bendi yao ikaingilia. Ngoma kubwa kwa mbio, tarumbeta kwa pasi. Wanapiga kabla Tate hajaupata mpira. Wachezaji wao walikuwa wanasikiliza muziki tu na kusogea. Doty kanifuata pembeni akaniuliza, "Kocha, wale wana karatasi yetu?" Nikamwambia arudi uwanjani.

Tumefungwa vibaya. Kucera kasema, "Gordy, nilikuomba uwiano, sikukuomba bembea." Akaeleza kwamba maana ya nusu kwa nusu ni mpinzani asijue kinachokuja. Hesabu ni matokeo tu. Nikamjibu kwamba hakusema hivyo Jumatatu, alisema nusu, na nusu ni nusu. Akatema maganda muda mrefu bila kuniangalia. Kasema nina nafasi moja tu. Hata yeye sasa anasema "nafasi".

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeipata!

Nilikuwa nanywa kahawa na Profesa Frane wa kemia. Siku za mechi yeye hukaa kwenye kibanda cha juu na kuandika takwimu rasmi. Mtu mkavu kuliko chaki. Alikuwa analalamika jinsi kazi ilivyo ngumu. Eti mpira ukimtoka mrushaji mkononi ukaenda mbele hewani, hata kama ni upana wa kiganja, hata kama mpokeaji kasimama mbele ya pua yake, kanuni inasema ni pasi. Na ukianguka, ni pasi iliyokosa. Mpira unakufa pale pale, hakuna wa kuugombania, mnacheza tena.

Nikaacha kahawa yangu ipoe.

Mbio ninazozipenda kuliko zote ni za pembeni. Doty anatoka kule nje mbio, anakatiza mbele ya Tate, Tate anampa mpira mkononi, Doty anazunguka ukuta wa wachezaji na kupotea. Sasa Tate hatampa. Atausukuma hewani kidogo, kama unavyomsogezea mtu kikombe. Watu wale wale, ukuta ule ule, njia ile ile. Mbio tupu. Lakini kwa Profesa Frane ni pasi.

Kwa hiyo nitakimbia nusu na "kupasia" nusu, na sitarusha hata moja. Nimecheka peke yangu garini mpaka mwanafunzi mmoja akagonga kioo kuuliza kama naumwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimewafundisha. Tate Lindqvist ni mtoto wa mchungaji, ana maswali kama darasa la kipaimara. Akauliza kwa nini asimpe Doty mkononi tu, si yuko hapo hapo? Nikamwambia ni sayansi. Doty naye akauliza kama sasa amekuwa mdakaji. Nikamwambia asinitukane.

Mara Pell akaja na viatu vyake. Nilijiandaa kwa ugomvi. Akatazama mara mbili, akatabasamu. "Safi sana, mzee." Akaomba kitu kimoja tu: iwekwe kwenye ubao wa mipango upande wake, maana ni pasi.

Nikamruhusu. Mimi si mchoyo. Tena nimekwenda mwenyewe kwa Kucera, nikasimama mbele ya meza yake, nikamwambia kuanzia sasa natumia pasi za Pell kwa moyo mmoja. Kucera akafurahi hadi akanigawia mbegu. Anadhani nimeokoka. Pell anadhani nimesalimu amri. Mtoto wa watu hajui alichoingia.

Jumapili, 20 Oktoba

Ushindi! Tumewapiga kwao, mbele ya mama zao.

Kila mara mtangazaji wa uwanja aliposema, "Pasi ya Lindqvist, imedakwa na Doty!" nilifunika mdomo kwa karatasi, na safari hii haikuwa kwa siri bali kwa kicheko. Pasi! Doty angeweza kuuchukua mpira ule bila kunyoosha kiwiko. Wapinzani walichanganyikiwa kabisa. Wakijiandaa kwa mbio za katikati, Doty yuko pembeni. Wakikimbilia pembeni, Tate anapita katikati mwenyewe na mpira.

Kucera kanipiga bega. Nusu kwa nusu, kasema, na hawakujua kinachokuja. Nikanyenyekea. Kiti cha ukuu nimeshaanza kukisikia makalioni.

Jumatatu, 28 Oktoba

Tumeshinda tena Jumamosi. Ila leo kuna jambo sikulipenda.

Chakula cha wafadhili. Mchuzi wa maharage na nyama, andazi la mdalasini, wazee wenye kofia. Vern Tietz kasimama, kafuta mdomo, kasema tangu azaliwe hajaona pasi za kupendeza namna hii. Nikaanza kuinuka, nimeshika tai. Akamwomba Pell asimame. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Pell kavua miwani ndani ya jengo, nadhani kwa mara ya kwanza, akasema yote ni suala la nafasi. Makofi tena.

Mimi nilikuwa nimeinuka nusu karibu na mlango wa jikoni. Mzee mmoja akadhani nataka kumsaidia, akaniomba nimletee chumvi. Kaniita Larry.

Gazeti la mji nalo limeandika ukurasa mzima, "Mapinduzi ya Pasi Harvell", na picha ya viatu vyeupe. Eti katika ligi nzima hakuna mrushaji ambaye pasi zake hudakwa zaidi ya za Tate. Ajabu iko wapi? Anarusha umbali wa kumpa mtu kijiko mezani. Bibi yangu angeongoza ligi, na amekufa.

Jolene akauliza, basi nani anashinda kati yako na Pell? Nikamwambia haelewi mikakati. Akasema kweli haelewi, ndiyo maana anauliza.

Jumatatu, 4 Novemba

Ushindi mwingine. Wanafunzi sasa wanakuja uwanjani na miwani ya jua. Wote. Bendi yetu pia. Mpiga tarumbeta mmoja kajikwaa kwenye ngazi kwa sababu hakuona kitu. Nimefurahi kidogo.

Nimejaribu kumweleza Vern Tietz kwenye maegesho kwamba zile si pasi, ni mbio zangu za pembeni, ni mpira ule ule. Akanisikiliza akiwa kashika usukani wa gari lake. Akasema, "Gordy, kijana anafanya kazi nzuri. Usiwe na kinyongo, haikupendezi." Akapandisha kioo.

Kinyongo! Mimi!

Jumanne, 12 Novemba

Jumamosi ni mechi ya mwisho, na baada yake uamuzi. Nimeona nisingoje. Nimekwenda kwa Kucera kumfungulia ukweli wote: kwamba hizo pasi zinazosifiwa nilizibuni mimi, na kwamba hata si pasi, ni mbio zilizovaa nguo za watu.

Kucera kaacha kutafuna. Akauliza, kwa hiyo mwezi mzima umekuwa unanidanganya? Nikasema hapana, Kocha, si kudanganya. Akasema basi ni pasi za Pell, kama ulivyoniambia. Nikasema ndiyo na hapana. Akasema ulikuja kwa miguu yako mwenyewe, ukasimama hapo hapo unaposimama sasa, ukasema ni pasi za Pell. Nikatazama zulia. Kweli nilisimama hapo hapo.

Akauliza sasa anichukulie vipi, niliyemdanganya au ninayemwonea mwenzangu wivu? Achague moja tu, lolote nitakalo, ataliandika. Nikasema nitarudi. Akanipa mbegu za alizeti nikatoka. Safari hii hazikuwa na ladha.

Haidhuru. Jumamosi tunacheza na Saint Osric, kugombania Ndoo ya Maziwa. Ndoo kuukuu yenye kutu, lakini mji huu utakuuza kwa ajili yake. Nitaita mbio zangu za pembeni kama kawaida, ila Tate asisukume. Ampe Doty mkononi, kama zamani. Kwa Profesa Frane itakuwa mbio. Mtangazaji atatamka "mbio" mbele ya mji mzima. Hapo watajua walikuwa wanampigia nani makofi.

Jolene akauliza kama hao vijana watakuwa wamepata muda wa kuzoea. Nikamwambia kumpa mtu mpira mkononi hakuhitaji mazoezi. Mtoto wa chekechea anaweza.

Jumapili, 17 Novemba

Naandika nikiwa nimefunikwa blanketi. Bado nasikia baridi. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Theluji ilianza asubuhi. Nusu ya kwanza nilikimbia katikati tu, Pell akapewa pasi zake za kweli tatu nne, mambo yakawa sawasawa. Robo ya mwisho tuko nyuma kwa pointi nne, na tumefika karibu kabisa na mstari wao. Naliona lango, naona Ndoo ya Maziwa mezani, nakiona kiti changu. Nikafunika mdomo. Nikaita mbio za pembeni, mkononi.

Tate alikumbuka. Mtoto wa mchungaji, kaambiwa ampe mkononi, akampa mkononi. Doty ndiye alisahau. Baada ya mwezi mzima wa kudaka, alikuja na viganja vimeinuliwa kifuani badala ya kufungua mikono tumboni. Mpira ukagonga kiwiko. Ukaanguka kwenye theluji, ukalala hapo, na watu wanne wa Saint Osric wakaulalia.

Ungekuwa umesukumwa hewani, ungekuwa pasi iliyokosa na tungecheza tena. Ndiyo kanuni ile ile niliyoifurahia garini. Lakini mpira unaopewa mkononi ukianguka ni wa atakayeuokota. Profesa Frane alinieleza hayo baada ya mechi, bila kuulizwa.

Kucera hakupiga kelele. Alikuja, akanivua vipokea sauti masikioni taratibu kama unavyomvua mtoto kofia kanisani, akasema, "Gordy, pumzika." Akampa Pell.

Walinzi wetu wakaunyang'anya mpira dakika za mwisho. Na huyo Pell aliita nini? Mpango wangu! Ule ule, mahali pale pale, wa kusukuma hewani. Doty akaupokea, akazunguka ukuta, akaingia hata hajaguswa. Mtangazaji kidogo apasue kipaza sauti. "Pasi ya Lindqvist, imedakwa na Doty!" Mabibi wote wa Harvell walikuwa wamevaa miwani ya jua na wanalia.

Wachezaji wakabeba pipa la maji ya barafu kwenda kummwagia Pell, kama wanavyofanya kwa kocha aliyewapa ushindi. Pell kainama. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Jumatatu, 18 Novemba

Uamuzi umetoka. Pell ni mkuu wa mashambulizi. Mimi nimepewa wapiga mateke.

Sikulia. Macho yalitoka maji kwa sababu ya mafua. Miaka yote hii nimeita mipango ya chuo hiki, na leo nimekabidhi vipokea sauti vyangu kwa mtu anayeviita "vya zamani". Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma sana, na nilikaa garini mpaka kioo kikaganda.

Kazi yangu ya mbio kapewa kijana mwingine kutoka Kansas, Cody Brandvold. Shingo nene, tabasamu pana, akili sina uhakika. Kanisalimia kwa adabu. Kaniita "mzee".

Jolene kapika nyama na viazi. Mwisho kauliza kama kuna nililojifunza katika haya yote. Nikamwambia ndiyo. Shida haikuwa mpango. Shida ilikuwa ni upande mpira ulikoelekea.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku ya tatu na wapiga mateke. Bata bukini wamenishambulia mara mbili. Wapiga mateke ni wawili, mrefu na mfupi. Mfupi kaniuliza kwa heshima kama nitakaa mpaka Krismasi.

Lakini nikiwa nakwangua kinyesi cha bata kwenye kiatu, likanijia. Lote kwa mara moja. Mpira ukienda mbele hewani, ni pasi. Basi ukienda nyuma? Nimemtafuta Profesa Frane mpaka maabara. Kathibitisha: ukirushwa nyuma, hata kidogo, kwenye vitabu ni mbio. Kasema pia ukianguka ni wa atakayeuokota, lakini hilo ni jambo dogo na sikuliandika.

Pell bila pasi ni nini? Viatu tu. Msimu ujao zile pasi zake zote zigeuke mbio, gazeti limuulize ziko wapi, Vern Tietz asimame na andazi aulize vilevile.

Nikamwendea Pell leo, mpole kama mkwe. Nikamwambia nimefikiria namna ya kuuboresha ule mpango wa Doty: apite nyuma ya Tate badala ya mbele, Tate amsukumie huko huko nyuma. Walinzi hawatauona mpira kabisa. Pell akachora hewani kwa kidole. Akasema ina nafasi nyingi. Akanishukuru, akasema, "Mzee, una moyo mkubwa."

Akaomba kitu kimoja tu: iwekwe ubaoni upande wa Cody, maana itakuwa mbio.

Nikamruhusu papo hapo. Mimi si mchoyo. Mtoto wa watu hajui alichoingia.